Homoni Inayosema kwa Mapigo: GnRH, Kisipeptini na Afya ya Uzazi

Utangulizi

Mtu aliyezaliwa Ras Kisimani, kusini-magharibi mwa kisiwa cha Mafia, hahitaji kufundishwa kwamba maji yana zamu. Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takribani siku moja. Wakati wa bamvua hupwa mbali na kuacha mwamba wazi, na hapo ndipo watu huingia kutafuta pweza. Wakati wa maji mafu tofauti huwa ndogo. Riziki ya pwani haitokani na wingi wa maji peke yake, bali na kuja kwake na kuondoka kwake. Mtu wa huko anajua pia kinachotokea maji yanapokuja yasirudi: mji wa kale wa Kisimani, uliokuwa na mafungamano na Kilwa katika karne za kati, sehemu yake kubwa imekwisha kumezwa na bahari.

Makala hii inahusu homoni ya ubongo ambayo kazi yake inafanana na maji hayo. Ikija na kuondoka kwa mapigo, huamsha uzazi. Ikija mfululizo bila kukatika, huuzima. Jambo hilo moja linaeleza kwa nini mama anayenyonyesha huchelewa kupata hedhi, kwa nini baadhi ya vijana hawabalehe, na kwa nini kemikali ya aina moja inaweza kumsaidia mtu kupata mtoto na vilevile kudhibiti saratani ya tezi dume. Baada ya kusoma somo hili, msomaji aweze kueleza njia ya homoni hizi mwilini, kutambua dalili zinazohitaji rufaa, na kumshauri mgonjwa anayetakiwa kuchagua tiba.

Ngazi tatu za amri

Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo ukubwa wake haupiti sana ule wa korosho. Ndani yake na pembezoni mwake zimetawanyika seli za neva, kama elfu moja hadi elfu mbili hivi kwa binadamu, zinazotengeneza peptidi yenye amino asidi 10. Peptidi ni mnyororo mfupi wa amino asidi. Ikitolewa na seli za neva kama ujumbe, huitwa neuropeptidi. Hii yetu hujulikana kwa kifupi kama GnRH, yaani homoni inayoamuru kuachiwa kwa gonadotropini.

GnRH huingia katika vishipa vidogo vya damu vinavyoshuka hadi kwenye tezi ya pituitari. Tezi hiyo huitikia kwa kumwaga katika damu gonadotropini mbili, LH na FSH. Hizi nazo husafiri hadi kwenye ovari za mwanamke au korodani za mwanamume. Huko hukuza mayai au mbegu, na kuchochea utengenezaji wa estrojeni, projesteroni na testosteroni. Homoni hizi za mwisho hurudisha habari ubongoni: zikizidi, ubongo hupunguza amri, zikipungua, ubongo huongeza.

Muundo wa GnRH ulitambuliwa mwaka 1971 na makundi mawili yaliyoshindana nchini Marekani, moja likiongozwa na Andrew Schally na jingine na Roger Guillemin. Kiasi cha homoni hii ubongoni ni kidogo mno, hata wakalazimika kukusanya mamia ya maelfu ya vipande vya ubongo wa nguruwe na wa kondoo kutoka machinjioni ili wapate chembe za kuchunguza. Mwaka 1977 walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba, wakishirikiana na Rosalyn Yalow aliyebuni njia ya kupima homoni kidogo sana katika damu.

Jaribio lililofichua siri ya mapigo

Baada ya GnRH kupatikana, wengi walidhani kwamba aliyepungukiwa nayo angepona kwa kupewa nyingi. Haikuwa hivyo. Mwaka 1978 Ernst Knobil na wenzake wa Pittsburgh walitoa taarifa ya jaribio walilolifanya kwa nyani wa jamii ya rhesus, ambao sehemu ya haipothalamasi inayotoa GnRH ilikuwa imeharibiwa. Wanyama hao walipopewa GnRH kwa dakika chache tu katika kila saa, LH na FSH zilirudi. Walipopewa homoni hiyohiyo mfululizo bila kukatizwa, LH na FSH ziliporomoka. Mapigo yaliporejeshwa, homoni nazo zilirejea.

Sababu iko kwenye vipokezi vya tezi ya pituitari. Kipokezi kinachoguswa kisha kikaachwa hupata nafasi ya kujiandaa upya. Kisipopata nafasi hiyo, seli huacha kuitika na kukiondoa juu ya utando wake. Ni kama mtu anayeitwa mlangoni: hodi moja humwinua kitini, lakini hodi isiyokoma mwishowe huizoea asiisikie tena.

Hata kasi ya mapigo ina maana yake. Katika nusu ya kwanza ya mzunguko wa hedhi, pigo huja kila baada ya dakika 60 hadi 90 hivi. Baada ya yai kupevuka, projesteroni huyapunguza yakawa moja katika saa kadhaa. Mapigo ya haraka huelekea kuongeza LH, na ya polepole huelekea kuipa nafasi FSH. Hivyo molekuli moja hutoa amri zaidi ya moja kwa kubadilisha mwendo.

Kisipeptini: mpigaji wa ngoma

Swali lililobaki lilikuwa hili: nani anayeziamrisha seli za GnRH? Estrojeni huathiri sana utoaji wa GnRH, lakini seli zenyewe za GnRH hazina kile kipokezi kikuu cha estrojeni ambacho kingeeleza athari hiyo. Ilibidi awepo mjumbe wa kati.

Jibu lilitoka mahali pasipotazamiwa. Mwaka 1996 watafiti wa saratani ya ngozi katika mji wa Hershey, Pennsylvania, waligundua jeni inayozuia saratani kusambaa. Waliipa jina linalokumbusha peremende za chokoleti zinazotengenezwa katika mji huo, ziitwazo Kisses. Ndipo likatoka jina kisipeptini, ambalo halina uhusiano wowote na Kisimani yetu ingawa masikio ya Mswahili yanaweza kudhani hivyo. Mwaka 2003 kundi la Nicolas de Roux nchini Ufaransa na kundi la Stephanie Seminara mjini Boston yalionyesha, kila moja kwa njia yake, kwamba watu waliozaliwa na kasoro katika kipokezi cha kisipeptini hawabalehi. Tangu hapo ilieleweka kwamba kisipeptini ndiyo inayozigusa seli za GnRH, na kwamba bila mguso huo mlango wa balehe haufunguki.

Baadhi ya seli za kisipeptini hubeba pia neuropeptidi nyingine mbili: neurokinini B, ambayo huziwasha, na dainofini, ambayo huzituliza. Katika kuwashwa na kutulizwa huko ndiko mapigo yanakozaliwa. Seli hizohizo zina vipokezi vya estrojeni, na hupokea habari za lishe, uchovu na msongo wa mawazo.

Ushahidi kutoka Ziwa Tanganyika

Kwamba ubongo huyasikiliza mazingira kabla ya kuruhusu uzazi kumeonyeshwa vizuri na samaki wa kwetu Afrika Mashariki. Astatotilapia burtoni ni samaki mdogo aishiye kandokando ya Ziwa Tanganyika. Madume wachache humiliki maeneo, huwa na rangi za kung'aa, na ndio wanaozaa. Wengine hukosa maeneo, rangi zao hufifia na korodani zao husinyaa. Russell Fernald, aliyewachunguza kwa miaka mingi, pamoja na wenzake waligundua kwamba seli za GnRH katika ubongo wa dume mwenye eneo ni kubwa mara kadhaa kuliko za dume asiye nalo. Dume mnyonge akipata eneo, seli hizo hukua katika muda wa siku chache. Mwenye eneo akinyang'anywa, hupungua.

Binadamu si samaki, lakini kanuni inakaribiana. Mwili wenye njaa ya muda mrefu, unaotumikishwa kupita kiasi au uliozongwa na dhiki, hupunguza mapigo ya GnRH. Msichana aliyekonda sana, au anayefanya kazi nzito huku akila kidogo, anaweza kukosa hedhi bila ya kuwa na ugonjwa katika ovari wala kizazi. Ni kosa kumwita tasa. Mara nyingi tiba yake ya kwanza ni chakula cha kutosha na mapumziko, baada ya ujauzito na maradhi mengine kuchunguzwa na kuondolewa shaka.

Mama anayenyonyesha

Mfano wa kawaida zaidi wa mapigo kutulizwa uko katika kila kijiji. Mtoto anaponyonya, ujumbe husafiri kutoka kwenye chuchu hadi ubongoni, kisipeptini hupungua, mapigo ya GnRH hufifia, na yai halipevuki. Wazee wetu waliyajua matokeo hayo bila kujua njia yake.

Wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988 walikubaliana kwamba unyonyeshaji hutoa kinga dhidi ya mimba kwa zaidi ya asilimia 98, mradi masharti matatu yatimie kwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, mchana na usiku, na hedhi ya mama haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga hupungua na mama anahitaji njia nyingine. Mhudumu wa afya asiseme tu kwamba "kunyonyesha kunazuia mimba". Ayataje masharti yote matatu, kwa sababu kinachozuia mimba ni kunyonya kwa mara nyingi, na pengo refu la usiku linatosha kuyaamsha mapigo.

Kijana asiyebalehe na swali la harufu

Msichana ambaye matiti yake hayajaanza kuota afikapo miaka 13, au ambaye hajavunja ungo afikapo miaka 15, anahitaji kuchunguzwa. Vivyo hivyo mvulana ambaye korodani zake hazijaanza kukua afikapo miaka 14. Wengi wao ni wachelewaji wa kawaida, na mara nyingi mzazi mmoja naye alichelewa. Wengine wana maradhi ya kudumu, kama selimundu, au lishe duni. Wachache hawana GnRH ya kutosha tangu kuzaliwa.

Katika kundi hili la mwisho, swali moja lisilo na gharama linaweza kumulika njia: je, kijana huyu anasikia harufu? Mtoto anapoumbika tumboni, seli za GnRH huanzia puani na kusafiri kando ya neva za kunusa mpaka zifike ubongoni. Safari hiyo ikikwama, mtu huzaliwa bila uwezo wa kunusa na bila mapigo ya GnRH. Hali hiyo inaitwa sindromu ya Kallmann, kwa jina la Franz Josef Kallmann aliyeieleza mwaka 1944.

Kijana mwenyewe huenda asilalamike, kwa kuwa hajawahi kujua harufu ni kitu gani. Mwambie afumbe macho, kisha umsogezee karafuu, halafu kahawa, na umwulize ni nini. Usitumie pilipili, amonia wala siki kali: vitu hivyo huchoma ndani ya pua, na mwasho huo husafirishwa na neva nyingine, hivyo hata asiyenusa atashtuka. Kutosikia harufu hakuthibitishi ugonjwa, na kusikia hakuuondoi. Lakini kukiambatana na kuchelewa kubalehe, ni sababu ya kutoa rufaa kwa daktari bingwa wa homoni bila kungoja.

Hapa pana jambo kubwa la kuokoa. Kijana wa namna hii akiachwa, huingia utu uzima na sauti ya kitoto, mifupa dhaifu na aibu ya kimyakimya. Akioa, ndoa huvunjika na lawama humwangukia yeye au mkewe. Ilhali huu ni miongoni mwa ugumba wa kiume unaoweza kutibika kwa dawa. Testosteroni humletea balehe. Akitaka mtoto, hupewa sindano za gonadotropini, au GnRH kwa pampu ndogo inayopiga kila baada ya saa mbili hivi. Izingatiwe kwamba testosteroni peke yake haileti mbegu. Kwa mwanamume mzima wa afya, kujidunga testosteroni kwa kutafuta nguvu au misuli huujulisha ubongo kwamba homoni imezidi. Ubongo husitisha mapigo, na mbegu hupungua au hutoweka kwa muda.

Kuzima kwa kufurika: saratani ya tezi dume

Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba saratani ya tezi dume iliyosambaa hupungua testosteroni ikiondolewa. Njia ya wakati huo ilikuwa kuziondoa korodani kwa upasuaji. Ugunduzi wa mapigo uliifungua njia ya pili: kumpa mgonjwa dawa mfano wa GnRH inayotoka polepole na kukaa mwilini muda wote. Dawa kama goserelini na leuprorelini hufanya kazi hiyo. Hudungwa kila mwezi au kila miezi mitatu, kulingana na aina. Dawa za jamii hiyo hutumika pia kuwatuliza watoto waliobalehe mapema mno, yaani wasichana kabla ya miaka 8 na wavulana kabla ya miaka 9.

Kabla maji hayajazima moto, hata hivyo, huja wimbi la kwanza. Katika wiki moja au mbili za mwanzo testosteroni hupanda, kisha hushuka sana kufikia wiki ya tatu au ya nne. Kwa mgonjwa ambaye saratani imeingia kwenye uti wa mgongo, kupanda huko kunaweza kuleta maumivu makali au hata kupooza. Kwa hiyo hutanguliziwa vidonge vya kuzuia testosteroni, kama bikalutamidi. Mgonjwa anayeishiwa nguvu miguuni au kushindwa kukojoa baada ya sindano ya kwanza ni wa dharura.

Sasa tumfikirie mzee wa Ras Kisimani anayeambiwa achague. Sindano inamwachia mwili wake kamili, lakini inamdai safari zisizokwisha: afike Kilindoni, apande chombo hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar es Salaam iliko Taasisi ya Saratani Ocean Road. Msimu wa kusi bahari huchafuka, na zamu ya sindano haingoji upepo. Ikichelewa sana, testosteroni inaweza kurudi, na saratani nayo ikaamka. Upasuaji ni wa mara moja na hauhitaji sindano baadaye, lakini hautenguki, na wanaume wengi huuona kama kuvuliwa heshima. Njia zote mbili hushusha testosteroni kwa kiwango kinachokaribiana, na zote huleta joto la ghafla mwilini, kupungua kwa hamu ya tendo la ndoa na udhaifu wa mifupa.

Mshauri mwema hamchagulii. Humweleza haya yote mbele ya mtu anayemwamini, humwuliza kuhusu nauli, kazi na msimu, humpa nafasi ya kufikiri, kisha huuheshimu uamuzi wake. Akichagua sindano, tarehe zipangwe pamoja naye, na aulizwe daktari kama ile ya miezi mitatu inafaa.

Kisipeptini katika utafiti wa leo

Kisipeptini bado iko mikononi mwa watafiti, na matumizi yake yanapanuka. Waljit Dhillo na wenzake wa London walionyesha mwaka 2005 kwamba ikidungwa kwa wanaume wenye afya hupandisha LH. Mwaka 2014 kundi hilohilo lilitoa matokeo ya wanawake 53 waliokuwa wakitafuta mtoto kwa njia ya kutungisha mimba nje ya mwili, ambao kisipeptini ilitumika kuyapevusha mayai yao. Matumaini ni kwamba, kwa kuupitia mfumo wa mwili wenyewe, itapunguza hatari ya ovari kuchochewa kupita kiasi. Inachunguzwa pia kama kipimo cha kuwatofautisha vijana wanaochelewa kubalehe na wale ambao hawatabalehe bila tiba. Ujuzi wa seli hizo umekwisha kuzaa dawa: fezolinetanti, inayozuia neurokinini B, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa ajili ya joto la ghafla la wanawake waliokoma hedhi.

Hata hivyo, kisipeptini yenyewe haijawa dawa ya kuuzwa kwa wagonjwa. Chupa zinazotangazwa mtandaoni kwa ahadi ya kuamsha uzazi au nguvu za kiume zisitumiwe. Dawa halali nchini Tanzania ni ile iliyosajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Na msomaji aliyetufuata mpaka hapa anajua hatari nyingine: hata ikiwa safi, homoni ya mapigo ikitumiwa bila mwendo wake inaweza kukizima kile inachotarajiwa kukiwasha.

Hitimisho

Katika homoni za uzazi, kiasi ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni wakati. Mhudumu anayelijua hilo hatamwita tasa msichana mwenye njaa, hatamwacha kijana asiyenusa akizeeka na siri yake, wala hatamwandikia mzee wa kisiwani sindano bila kumwuliza kuhusu safari ya bahari.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini GnRH inayotolewa mfululizo hupunguza LH na FSH badala ya kuziongeza.
2. Mama wa mtoto wa miezi 5 ameanza kumpa uji mara tatu kwa siku. Hedhi haijarudi. Utamshauri nini kuhusu uzazi wa mpango, na kwa sababu gani?
3. Mvulana wa miaka 16 hajabalehe, na nyumbani husema hajui karafuu inanukaje. Ni hatua gani utachukua?
4. Mgonjwa wa saratani ya tezi dume aliyedungwa goserelini siku sita zilizopita analalamika miguu inaishiwa nguvu. Ni jambo gani huenda linatokea, na kwa nini asingoje hadi kesho?